Shahada Mapema kwa Kijana Anayesomea Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi wa Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya wazazi wenzangu na vijana wao, kwa sababu maswali yale yale hunifikia kila baada ya wiki chache kutoka Kisumu, Nakuru, Kakamega na hata Busia, na mara nyingi aulizaye huwa tayari amelipa karo mahali ambapo hakupaswa kulipa. Nilimsomesha binti yangu nyumbani kwetu Mamboleo, Kisumu, tangu alipokuwa na umri wa miaka 9. Alimaliza mitihani ya sekondari akiwa na miaka 16, akasoma shahada ya takwimu kwa masafa katika chuo kikuu cha ng'ambo, na akahitimu akiwa na miaka 19. Ninayoyaeleza hapa ni yale tuliyoyapitia, pamoja na yale niliyojifunza kwa kuulizia ofisi baada ya ofisi.

Je, kweli kijana wa miaka 15 au 16 anaweza kuanza masomo ya shahada?

Anaweza, na wala si lazima awe mtoto wa ajabu. Katika shule ya kawaida sehemu kubwa ya siku humalizwa na gwaride, foleni za chakula, vipindi ambavyo mwalimu hayupo na marudio ya mada ambazo nusu ya darasa imekwisha kuzielewa. Nyumbani muda huo wote hubaki mikononi mwa mtoto. Shirika la mitihani la Cambridge la Uingereza hukadiria kwamba somo moja la IGCSE, yaani mtihani wake wa sekondari, huhitaji takriban saa 130 za kufundishwa, na somo moja la A Level, hatua inayofuata kabla ya chuo kikuu, takriban saa 360. Mtoto anayefundishwa masomo matatu ya IGCSE kwa mkupuo, kila somo saa 5 kwa wiki, huwa anakaa darasani saa 3 tu kwa siku, na baada ya wiki 26 huwa amepata saa alizokusudiwa. Ongeza muda wa kujisomea, likizo na marudio, utaona kwamba masomo sita kwa mwaka mmoja na nusu hayamchoshi mtoto aliye tayari.

Hesabu hiyo hiyo hutuonya pia. Shahada ya kwanza ya Marekani huwa na krediti 120, yaani vipimo vya kiasi cha masomo, na krediti moja hukadiriwa kuwa takriban saa 45 za kazi ukijumlisha kipindi na kujisomea, yaani saa 5,400 kwa jumla. Kijana anayefanya kazi kwa bidii saa 30 kila wiki atahitaji wiki 180. Kwa hiyo umapema unaozungumziwa hapa ni wa kuanza mapema na kutopoteza muda, na mtu yeyote anayekuahidi shahada ya miezi sita anastahili kuulizwa maswali makali kabla ya kupewa hata shilingi.

Tuanzie wapi?

Anzieni mwishoni. Hili ndilo jibu ninalolirudia kuliko yote, nami nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona familia zikilipuuza. Kabla ya kununua kitabu chochote, mketi na kijana wenu mjiulize cheti cha mwisho kitapelekwa wapi: kwa mwajiri wa Kenya, kwa chuo kikuu kwa ajili ya shahada ya uzamili, kwa bodi ya taaluma kama ya mawakili au wahandisi, au kwa mteja wa mtandaoni ambaye hatauliza cheti kabisa. Kila mlango una funguo zake. Kijana anayetaka kuandika programu za kompyuta kwa kampuni za mbali ana uhuru mkubwa wa kuchagua njia, ilhali anayetaka kuwa mwalimu wa shule ya umma hana uhuru huo, na kumficha ukweli huu akiwa na miaka 13 ni kumdhulumu atakapokuwa na miaka 20.

Sisi tulichukua daftari kubwa la jalada gumu, lile linaloitwa kaunta, tukaandika katika ukurasa wa kwanza kazi tatu ambazo binti yangu alizitamani, na chini ya kila kazi tukaandika cheti kinachodaiwa, gredi inayodaiwa na ofisi inayokitambua. Kazi mbili zilianguka zenyewe kabla ukurasa haujajaa. Takwimu ilibaki.

Sheria ya Kenya inasemaje kuhusu kumsomesha mtoto nyumbani?

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, humpa kila mtoto haki ya elimu ya msingi isiyolipiwa na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtwika mzazi wajibu wa kuhakikisha kwamba mtoto wake ameandikishwa na anahudhuria shule. Wapo wazazi nchini waliowahi kufikishwa mahakamani kwa sababu ya kuwasomesha watoto nyumbani. Kwa hiyo msilichukulie jambo hili kijuujuu: zungumzeni na wakili anayeifahamu sheria ya elimu, mjitambulishe katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu, na mhifadhi rekodi za kila muhula. Rekodi nilizo nazo mimi ni ratiba, kazi zilizosahihishwa, orodha ya vitabu na stakabadhi za mitihani, zote zikiwa na tarehe. Baadhi ya familia humwandikisha mtoto katika shule iliyosajiliwa inayofundisha kwa mtandao au inayokubali mpango wa nyumbani, na njia hiyo huwapa utulivu.

Ni cheti gani cha sekondari kinachofaa zaidi?

Katika vyuo vikuu vya Kenya, kiwango cha chini cha kuingia shahada kwa mwenye KCSE, yaani mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ni gredi ya wastani ya C+, na mtihani huo hudai masomo yasiyopungua saba. Baraza la mitihani, KNEC, huwasajili watahiniwa binafsi, lakini usajili wenyewe hutaka cheti cha hatua ya chini, na mtahiniwa lazima apate kituo kitakachompokea. Isitoshe, mfumo wenyewe unabadilika. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, KCSE ya mfumo wa 8-4-4 inafikia kikomo chake mwaka 2027, na wanafunzi wa mtaala wa umilisi walioingia gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026 wanatarajiwa kumaliza sekondari pevu mwaka 2028. Mzazi mwenye mtoto wa miaka 11 au 12 leo asipange safari ya mtoto huyo kwa ramani ya kaka zake.

Familia nyingi zinazosomesha nyumbani huchagua mitihani ya Uingereza, yaani IGCSE kisha A Level, inayotolewa na Cambridge au Pearson Edexcel. Sababu kubwa ni kwamba haina kikomo cha umri na inaweza kufanywa kwa vipande. Mtoto anaweza kufanya masomo mawili akiwa na miaka 13, mawili mengine baada ya miezi sita, na kadhalika, kwa kuwa Cambridge ina misimu ya Mei na Juni, kisha Oktoba na Novemba. Mtahiniwa binafsi husajiliwa kupitia British Council au kupitia shule ya kimataifa inayokubali kuwapokea watahiniwa wa nje. Piga simu mapema sana, kwa maana usajili hufungwa miezi kadhaa kabla ya mtihani na ada ya kuchelewa ni kubwa.

Jambo moja ninalolisisitiza ni Kiswahili na Kiingereza. Hata mtoto anapofuata mtaala wa kigeni, msiyaache masomo haya mawili yawe ya pembeni, kwa kuwa taaluma kadhaa nchini huyauliza kwa jina.

Na masomo ya sayansi? Nyumbani hatuna maabara.

Hili ni swali zuri, na wengi huliuliza wakiwa wamechelewa. Katika IGCSE ya Cambridge kuna karatasi iliyoandaliwa kuwa mbadala wa mtihani wa vitendo, ambapo mtahiniwa hujibu kwa maandishi maswali kuhusu jaribio, vifaa vyake na makosa yanayoweza kutokea. Katika A Level ya Cambridge hakuna mbadala wa namna hiyo: mtahiniwa wa fizikia, kemia au biolojia lazima aingie maabara. A Level ya kimataifa ya Edexcel, kwa upande wake, hupima ujuzi wa vitendo kwa karatasi za maandishi, na kwa sababu hiyo mtoto wa nyumbani aliye mbali na maabara hupata nafuu kubwa akiichagua.

Hata hivyo, karatasi ya maandishi isiwe kisingizio cha kutoshika vifaa. Binti yangu aliwahi kuandika kwamba kupima ujazo kwa bureti, ule mrija wa kioo wenye alama za vipimo, ni rahisi, kisha nikamwombea nafasi ya Jumamosi nne katika maabara ya shule moja ya jirani kwa malipo tuliyokubaliana na mwalimu mkuu. Jumamosi ya kwanza aliufungua mfereji wa bureti kwa kasi, tone moja likazidi, na maji yote ya chupa yakageuka waridi iliyokoza. Alirudia mara tano hadi akapata waridi hafifu inayokaribia kutoonekana. Baada ya siku ile majibu yake ya karatasi ya vitendo yaliandikwa na mtu anayejua anachokisema.

Nimesikia kuhusu njia ya Marekani ya kupata krediti kwa mitihani. Inafanyaje kazi?

Vyuo vingi vya Marekani hukubali kwamba mtu anaweza kujifunza mada peke yake, akafanya mtihani, na akapewa krediti kana kwamba alihudhuria kozi. Mitihani ya CLEP ya shirika la College Board ndiyo inayojulikana zaidi: mingi yake huchukua takriban dakika 90, alama hutolewa kati ya 20 na 80, na alama 50 ndiyo inayopendekezwa kuwa ya kupewa krediti, kwa kawaida krediti 3 kwa mtihani mmoja. Shirika hilo hilo huendesha mitihani ya AP, ambayo hufanywa mwezi wa Mei na kupewa alama 1 hadi 5. Kuna vyuo vilivyoanzishwa kwa nia ya kuwapokea watu wenye krediti kutoka sehemu mbalimbali, kama vile Excelsior wa jimbo la New York, Thomas Edison wa New Jersey na Charter Oak wa Connecticut, vyote vikiwa na mizizi katika miaka ya 1970.

Kwa kijana wa Marekani anayesomea nyumbani, njia hii ni barabara ya lami. Kwa kijana wa Kisumu ina mashimo. Kwanza, mitihani ya namna hii inahitaji kituo kilichoidhinishwa, kwa hiyo thibitisha kituo kilicho karibu na umri unaokubaliwa kabla mtoto hajafungua ukurasa wa kwanza wa kitabu. Pili, baadhi ya vyuo hivyo viliundwa kwa ajili ya watu wazima wanaofanya kazi, kwa hiyo andika barua pepe uulize waziwazi kama watampokea mwombaji wa miaka 16, na uhifadhi jibu lao. Tatu, na hapa ndipo penye uzito, Marekani mzazi anaweza kutia saini cheti cha kuhitimu sekondari cha mtoto wake na vyuo vingi vikakikubali, lakini hapa Kenya cheti kilichotiwa saini na mama yake mtu hakitakuwa na nguvu ya cheti cha mtihani. Ndiyo maana nawashauri wanaoifuata njia ya Marekani wafanye pia angalau masomo ya IGCSE na A Level mawili matatu, hata kama chuo chenyewe hakiyataki.

Ni vyuo vikuu vipi vinavyofundisha kwa masafa?

Ufundishaji wa masafa si jambo jipya wala la kubahatisha. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini wanafunzi wa nje tangu mwaka 1858, na kwa kawaida hupokea waombaji kuanzia umri wa miaka 17. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kimefundisha kwa masafa tangu mwaka 1946. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992. University of the People, chenye makao Marekani, kilianzishwa mwaka 2009 na hakitozi karo ya masomo, ingawa hutoza ada ya tathmini kwa kila kozi. Hapa nyumbani Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake mwezi wa Agosti 2023, na makao yake yako Konza.

Msivisahau vyuo vya karibu. Kijana aliyemaliza A Level akiwa na miaka 16 anaweza kuomba nafasi Maseno, pale kwenye mstari wa ikweta, au Egerton kule Njoro, au Kabarak, au Masinde Muliro mjini Kakamega, akaingia darasani na wengine. Mzazi mmoja wa Nakuru niliyezungumza naye alichagua njia hiyo kwa mwanawe, na kijana anaishi kwa shangazi yake karibu na chuo badala ya hosteli. Naiona kuwa njia njema sana kwa mtoto apendaye watu.

Je, shahada ya ng'ambo itatambuliwa Kenya?

Itatambuliwa ikiwa chuo kina ithibati, yaani kibali rasmi cha ubora wa masomo yake, katika nchi yake na ikiwa vyeti vya mwenyewe vinafuatana kwa mantiki kuanzia chini. Chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ndiyo yenye jukumu la kutambua na kulinganisha shahada za kigeni, na kuna pia Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma, KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Waandikieni wote wawili kabla ya kulipa, si baada ya kuhitimu, mkitaja jina la chuo, jina la shahada na namna ya kufundisha, kisha mhifadhi majibu yao.

Mwombaji huulizwa cheti cha shahada, nakala rasmi ya matokeo na vyeti vya hatua za chini. Katika hilo la mwisho ndipo watoto wa nyumbani hukwama. Nilimwona kijana mwenye shahada halali kabisa akizunguka na bahasha yake kwa zaidi ya mwaka mmoja, kwa sababu kati ya darasa la nane na chuo kikuu hakuwa na karatasi hata moja ya mtihani. Alikuwa amejifunza, na alijua kazi yake, lakini katikati ya faili lake palikuwa na pengo. Ilimlazimu arudi kufanya mitihani ya sekondari akiwa na shahada mkononi.

Kuhusu ithibati, msiridhike na neno hilo likiwa limeandikwa kwenye tangazo, maana yako mashirika ya ithibati yaliyobuniwa na vyuo vile vile yanavyovithibitisha. Idara ya Elimu ya Marekani huweka wazi orodha ya vyuo na mashirika ya ithibati inayoyatambua, na Uingereza pia ina orodha yake rasmi. Kama jina la chuo halimo, funga tangazo hilo.

Mtoto wangu anataka kuwa mwalimu, wakili au mhandisi. Je, njia hii inamfaa?

Ifuate kwa uangalifu mkubwa. Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, huangalia gredi za KCSE za mwalimu wa sekondari, yaani C+ ya wastani na C+ katika masomo mawili anayofundisha, au kiwango kinacholingana na hicho. Chuo cha Sheria cha Kenya huangalia nyuma ya shahada ya sheria hadi kwenye gredi za sekondari, ikiwemo B ya Kiingereza au Kiswahili. Wahandisi na madaktari wana bodi zao zinazokagua programu yenyewe ya shahada, na masomo ya udaktari hayafanyiki kwa kompyuta nyumbani. Kwa taaluma hizi ushauri wangu ni mmoja: mtoto amalize sekondari mapema kwa mitihani inayolinganishwa kwa urahisi, kisha aingie chuo kikuu cha Kenya kinachotambuliwa na bodi husika. Bado atakuwa ameokoa mwaka mmoja au miwili.

Gharama zikoje, na tunalipaje?

Gharama hutofautiana mno hivi kwamba jumla yoyote nitakayoitaja itampotosha mtu. Ninachoweza kusema ni kwamba ada hulipwa kwa dola au pauni, kwa hiyo shilingi inaposhuka bajeti yako hupanda bila chuo kubadilisha chochote. Sisi tuliweka akiba ya muhula mmoja mbele katika sako, yaani chama cha akiba na mikopo, na muhula mmoja akiba hiyo ndiyo iliyotuokoa. Usipange bajeti kwa kutegemea mkopo wa serikali kwa masomo ya mtandaoni ya ng'ambo. Kwa malipo yenyewe, kadi ya benki hufaa, na M-Pesa nayo ina kadi ya mtandaoni iitwayo GlobalPay, iliyozinduliwa mwaka 2022. Laini na kadi zote zitakuwa kwa jina la mzazi, kwa sababu kijana hana kitambulisho.

Hilo la kitambulisho lina uzito gani?

Kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kitambulisho cha taifa hutolewa mtu anapofika miaka 18, ilhali mitihani ya kimataifa na vyuo vya ng'ambo hutaka hati ya serikali yenye picha. Mtafutieni mtoto pasipoti mapema. Maombi hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ofisi ya uhamiaji ya Kisumu inapokea waombaji. Hakikisheni kwamba majina yanafanana, herufi kwa herufi na kwa mpangilio ule ule, katika cheti cha kuzaliwa, pasipoti na usajili wa mtihani. Binti yangu ana jina la Kijaluo linaloandikwa kwa "w" mbele ya "u", na karani mmoja aliiacha hiyo "w". Herufi hiyo moja ilitugharimu kiapo kwa wakili na miezi miwili ya kusubiri.

Mitihani ya mtandaoni inawezekana hapa kwetu, stima ikipotea kila mara?

Inawezekana mkijiandaa. Nitaeleza lililotupata. Mtihani ulipangwa saa 8 mchana za New York, nazo kwetu ni saa 3 usiku, na msimu wao wa baridi ukifika huwa saa 4 usiku. Msimamizi alimtaka binti yangu azungushe kipakatalishi polepole aonyeshe kuta zote nne, kisha chini ya meza, kisha masikio yake, na akaamuru kalenda ya ukutani iondolewe. Yote yalikwenda vizuri hadi dakika ya 50, ambapo mvua ya radi kutoka ziwani ilitua juu ya paa la mabati kwa kishindo na stima ikakatika. Kipakatalishi kilikuwa na chaji, lakini kisanduku cha intaneti kilizima pamoja na taa. Mtihani ule ulihesabiwa kuwa umeachwa, tukalipa upya.

Tangu siku hiyo kisanduku cha intaneti kiliunganishwa na betri yake ndogo, simu ya pili ikawekwa bando la mtandao mwingine tayari kwa dharura, na mitihani ikapangwa kwa saa za asubuhi pale chuo kiliporuhusu, kwa kuwa mvua zetu za Kisumu hupenda alasiri na usiku. Muandikie msimamizi mapema umweleze hali ya umeme, na ombeni namba ya kuripoti tatizo. Kwa siku za kawaida za kusoma, maktaba ya umma iliyoko Kisumu na ile ya Nakuru ni mahali patulivu.

Nitajuaje kwamba mtoto wangu yuko tayari?

Akili pekee haitoshi, na mimi huiangalia mwisho. Naangalia kwanza kama mtoto anasoma bila kusukumwa, kwa sababu masomo ya masafa hayana kengele. Naangalia anavyofanya anapofeli. Binti yangu alipata alama mbaya sana katika karatasi yake ya kwanza ya majaribio ya hisabati. Alinyamaza siku nzima, akakataa chai, na kesho yake nikamkuta sebuleni saa 12 asubuhi ameitandika karatasi ile ile mezani, anaandika kwa kalamu nyekundu kando ya kila kosa lake. Hapo nilijua. Mtoto mwingine mwenye kipaji kikubwa kuliko chake anaweza kuvunjika kabisa kwa alama kama hiyo, naye anahitaji miaka miwili zaidi ya kukua, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Naangalia pia shauku ni ya nani. Ikiwa mzazi ndiye anayehesabu miezi iliyobaki na mtoto anaitikia tu, naomba mzazi huyo apunguze mwendo. Nimewaona watoto waliobebeshwa sifa ya kanisa zima na mtaa mzima, wakaogopa kusema wamechoka.

Je, hatakuwa mpweke?

Anaweza kuwa, na umri wa miaka 14 hadi 17 ndio unaouma zaidi. Msimwache na kompyuta peke yake. Kwaya, mpira, skauti, kazi ya kujitolea, na marafiki wa rika lake wanaosoma shule za kawaida, yote haya yawe katika ratiba na yasifutwe wakati wa mitihani. Kwa anayekwenda chuoni akiwa na miaka 16, jambo la makazi lifikiriwe kwa makini: aishi nyumbani au kwa jamaa anayeaminika hadi afikishe miaka 18, na mshauri wa wanafunzi aelezwe umri wake.

Akitaka kuacha katikati?

Aruhusiwe kupumzika. Masomo aliyofaulu hayapotei: matokeo ya IGCSE na A Level hubaki yake, na krediti nyingi huweza kuhamishwa. Ulizieni tu kanuni za chuo kuhusu likizo ya masomo kabla hajaacha kuingia mtandaoni, kwa kuwa kutoweka kimya huweza kuhesabiwa kuwa kufeli.

Atafanya nini akihitimu na miaka 18 au 19?

Siku anayofikisha miaka 18 aende kusajiliwa kitambulisho, kisha apate namba ya mlipa kodi ya KRA na cheti cha tabia njema, kwa sababu waajiri huuliza vyote vitatu na hawezi kuvipata kwa utaratibu wa watu wazima kabla ya hapo. Maombi ya kutambuliwa kwa shahada yapelekwe mara tu nakala rasmi ya matokeo inapotoka, kwa maana yanaweza kuchukua muda. Katika kipindi hicho cha kusubiri, mafunzo ya kazini yana faida kuliko kukimbilia shahada ya uzamili. Binti yangu alikaa miezi saba katika ofisi ya mradi mmoja wa afya, akiingiza na kusafisha takwimu za zahanati za Nyando na Muhoroni, na huko ndiko alikojifunza kwamba safu tupu katika jedwali aghalabu huwa ni muuguzi mmoja aliyezidiwa na foleni. Ombi lake la kutambuliwa lilijibiwa akiwa bado pale.